Wakwe Wawili Meza Moja

Kwanza nisamehewe mwandiko. Niliishia darasa la saba, na herufi zangu hulala upande mmoja kama migomba iliyopigwa na upepo. Kuna maneno nitakuwa nimeyakosea kwa sababu nayaandika kama tunavyoyasikia huku Karagwe, na sina wa kunisahihishia. Naandika pole pole, ukurasa mmoja kwa siku tatu, nikishatoka shambani. Lakini ipo hadithi moja inayosimuliwa katika ukoo wetu kila penye harusi, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na hadithi hiyo haikuwa hivyo. Mimi nilikuwepo. Nimenyamaza miaka minne kwa sababu ni binti mwenye aibu, hata jina langu nikiulizwa mbele ya watu nalitaja nikitazama chini. Karatasi hainitazami, ndiyo maana naandika.

Anayeisimulia ni shemeji yangu, mume wa dada. Ni dereva wa lori la kahawa, amefika miji mingi, na ni mtu mwema. Naandika mapema kwamba ni mwema, ili msomaji asidhani nina chuki. Hadithi yake ni fupi. Anasema alimpeleka mama mkwe wake Mwanza kwa meli, akamkatia daraja la pili kama mke wa bwana shamba, akamketisha mezani kwenye wali na samaki, na mama mkwe akakimbia akaenda kula sakafuni kwenye mikungu ya ndizi. Hapo huwa anapiga paja lake na kusema, "Ushamba ni ugonjwa, na daktari wake hajazaliwa." Watu wanacheka. Mama naye, akiwa jikoni na wanawake wenzake, anasikia kila neno na anaendelea kumenya ndizi.

Sasa nieleze ilivyokuwa.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita, sukari bado tunaipangia foleni. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Mama alikuwa na vidonda vya tumbo, na mara mbili alikuwa ametapika damu. Mganga wa zahanati alimwandikia barua ya kwenda hospitali kubwa Mwanza, akampa vidonge vya kumeza njiani. Barua ilibebwa na shemeji, kwa sababu baba alishafariki na kaka alikuwa jeshini. Lakini maneno niliambiwa mimi. Mganga alinishika bega akasema, "Binti, mama yako asikae na njaa. Jioni ale kwanza, ndipo ameze. Akimeza tumbo likiwa tupu, damu itarudi." Nikasema ndiyo. Hilo lilikuwa jukumu langu katika safari nzima, wala halikuwepo lingine.

Kwa wasiotufahamu, niseme jambo moja la kwetu. Mwanamume na mama mkwe wake hawali pamoja. Hata mdomo unaotafuna hawaoneshani. Mama akimwona shemeji anakuja njiani, huiacha njia na kuingia kwenye migomba, na wanasalimiana kwa sauti tu, huyu barabarani, yule nyuma ya majani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nyumbani wazima?"

"Wazima, mama. Mvua je?"

"Inatosha."

Nimewasikia mara nyingi, na sauti zao ni za watu wanaopendana. Si uadui, ni heshima. Wazee wanasema heshima hiyo ikivunjwa, mtoto atakayezaliwa katika nyumba hiyo atatetemeka mikono maisha yake yote. Kama ni kweli sijui. Ninachojua ni kwamba dada wakati huo alikuwa na mimba ya miezi saba, na mimba mbili kabla ya hiyo zilikuwa zimeharibika. Mama alikuwa akiihesabu mimba ile kwa siku.

Tuliondoka Karagwe alfajiri kwa basi. Shemeji alikaa kiti cha mbele yetu na kila mara aligeuka kuuliza kama mama hajambo, kwa wema kabisa. Akigeuka, mama anajifunika khanga. Kwa hiyo hakuweza kula ndani ya basi. Kikapuni tulikuwa na entanda, ndicho chakula cha njiani, ndizi zilizopikwa na maharage usiku wa kuamkia safari, zimefungwa vizuri kwenye majani ya mgomba yaliyobabuliwa motoni. Mama aliniambia kwa Kinyambo, kwa sauti ya chini, kwamba tutakula bandarini, mkwe wake akienda kuangalia mambo ya tiketi.

Bandarini Bukoba shemeji alikuwa na tiketi tayari, na hakutoka hata hatua kumi. Alisema kuna wezi. Alikaa juu ya sanduku letu kama askari, na mama akakaa amempa mgongo, na jua likazunguka. Kulipokaribia kupanda, akanyoosha kidole kwenye kikapu.

"Shemeji, humo mna nini?"

"Entanda," nikasema.

"Ndizi baridi? Melini kuna meza, kuna wahudumu, kuna samaki wa mchuzi. Nimewakatia daraja la pili, halafu muingie na ndizi zimenuna hivyo? Mnataka watu waseme nini?"

Akawaita wapagazi wawili waliokuwa wamekaa kwenye magunia. "Vijana, njooni mle." Nao hawakuulizwa mara mbili. Walifungua mbele yetu, wakala wamesimama, wakasifu maharage. Mmoja akaniambia, "Dada, asante, nyumbani kwenu mnapika." Nilitaka kusema kwamba ile ndiyo dawa ya mama. Nilitazama chini. Jani moja safi lilikuwa limebaki chini ya kikapu, jani la akiba, nikalikunja nikaliacha humo. Nilikuwa na hasira lakini hata hasira yangu ilikuwa na aibu.

Chumba cha wanawake tulichopewa kilikuwa na vitanda vinne. Wengine wawili walikuwa mama mwenye kitoto na dada yake, na kabla meli haijatoka vizuri kitoto kilikuwa kimetapika kwenye shuka na sakafuni. Ukiingia unaziba pua. Tulitua mzigo tukatoka, nikabaki na kikapu mkononi. Shemeji alikuwa mlangoni na kikaratasi mkononi.

"Meza namba nne, zamu ya kwanza," akasema. "Wote watatu pamoja. Niliomba mwenyewe tusitenganishwe."

Nilimwangalia mama. Alivuta khanga mpaka kwenye nyusi na kutufuata. Mtu asiyejua angesema ni mwanamke anayekwenda kula.

Mlangoni mwa ukumbi wa chakula alisimama mhudumu, shati jeupe, kalamu sikioni. Shemeji alinipa kikaratasi akatangulia ndani, nikajikaza. Huenda hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu ya kwanza kwa mgeni tangu nimalize shule.

"Shikamoo. Samahani, mama anaweza kula zamu ya pili?"

"Kikaratasi kimeandikwa zamu gani?"

"Ya kwanza."

"Basi umeshajijibu, binti. Ingia, unaziba njia."

Meza namba nne ilikuwa ukutani, yenye viti vitano. Watu wawili walikuwa wameshakaa. Mmoja ni bwana mwenye suti ya mikono mifupi na kalamu tatu mfukoni, mtu wa ofisi. Mwingine ni mama mnene wa vitenge, mfanyabiashara, mikono yote miwili ina bangili. Hatukuwahi kuwaona, wala wao sisi. Kwetu huwezi kukaa na mtu kula bila kujua ametoka kwa nani, lakini huko melini ndivyo mnavyopangwa, kama magunia, kwa namba.

Shemeji alikaa mkabala na mama. Kilikuwa ndicho kiti kilichobaki. Mama aligeuza kiti chake ubavu, akatazama ukuta, akashusha khanga usoni. Mimi nilikuwa nimeshaketi pembeni, katikati yao, nikiwa na vidonge kwenye leso iliyofungwa fundo.

Wali ulikuja kwenye sinia moja la meza nzima, na sato wa mchuzi kwenye bakuli. Mama wa vitenge alipakua sahani zote kama yuko kwake. Sahani ya mama ilikuwa imejaa. Ilitoa moshi, na harufu yake hata sasa naikumbuka. Mama hakugeuka.

"Mama, karibu chakula," akasema bwana wa suti.

Mama akasema kwa Kiswahili chake kidogo, "Kuleni tu, wanangu."

"Anaumwa?"

"Haumwi kiasi cha kukosa kula," akasema shemeji akicheka kidogo. "Ni mama mkwe wangu. Mambo ya zamani hayo. Mama, huku ni melini. Mila tumeziacha Kyaka darajani, tulipovuka kuja huku."

Kisha akakata kipande cha samaki, akakitia mdomoni, akatafuna.

Nasema akatafuna. Msomaji wa mbali anaweza kuona ni jambo dogo. Mimi nilisikia masikio yanawaka moto. Alitafuna mbele ya mwanamke ambaye kwa miaka miwili alikuwa akimkimbia na kuingia kwenye migomba kwa ajili ya mtoto wa mtu huyo huyo. Na hakutafuna kwa njaa peke yake. Alitafuna ili wale wawili wamwone kwamba yeye ni mtu wa dunia. Mama hakumwona, maana alikuwa ameufunika uso wote ndani ya khanga, lakini alimsikia. Samaki ana miiba, na anayemla husikika.

"Safi kabisa," bwana wa suti akasema. "Haya ndiyo yanayoturudisha nyuma. Taifa linajengwa na watu walioshiba. Mama, dunia imebadilika, kula."

"Labda anadhani tumemwekea kitu," akasema mama wa vitenge. "Nawajua Wahaya, mna maringo. Hamli na mtu msiyemjua."

Sisi ni Wanyambo, lakini nani angesikiliza.

"Si hivyo," nikasema. Hakuna aliyenisikia.

"Au anaogopa miiba?" akaendelea. "Mama, nikuchambulie?"

Wakacheka wote watatu, bila ubaya. Hilo ndilo linaloniuma zaidi mpaka leo. Hakukuwa na mbaya pale mezani ambaye ningeweza kumchukia nikapumzika. Kila mmoja alikuwa akimhimiza mama ale, kwa maneno matamu, na kila neno lilikuwa linamfungia mlango. Ingetosha shemeji ainuke, akasimame nje robo saa. Robo saa tu. Hakuinuka, kwa sababu angekuwa amekubali mbele ya wageni kwamba bado ana mama mkwe.

Nami niungame. Nilikula vijiko vitatu. Njaa ilikuwa inanitafuna toka alfajiri na mkono ulikwenda wenyewe. Cha nne nilikirudisha sahanini, kwa sababu nilitazama mkono wa mama juu ya paja lake. Vidole vilikuwa vimekamata khanga kwa nguvu. Alikuwa hajala tangu jana yake jioni.

Nikachukua sahani yake nikasimama. Sikuwa nimepanga kusimama.

Nilifika mlangoni. Mhudumu akanyoosha mkono.

"Sahani haitoki."

"Ni ya mama. Atakula hapo nje."

"Sahani ni mali ya meli. Inakaa ukumbini. Kijiko pia."

"Nitairudisha."

"Kila mmoja husema hivyo. Rudi mezani."

Watu wa meza nyingine walikuwa wameanza kugeuka. Kwa kawaida hapo ningekuwa nimekufa kwa aibu. Sijui ilikwenda wapi. Nilirudi meza namba nne, nikaweka sahani chini, nikatoa kikapu chini ya kiti changu, nikalikunjua lile jani la mgomba juu ya kitambaa cheupe cha meza. Nikamimina wali wa mama juu yake. Nikaweka na samaki. Bwana wa suti aliondoa kiwiko chake. Shemeji akasema meno yamebana, "Shemeji, unafanya nini, unaniaibisha," nami nikaanza kukunja kama tunavyokunja nyumbani, pembe kwa pembe.

Mama wa vitenge alinitazama mikono. Akaacha kucheka. Akasema, "Ngoja, usifunge," akachukua samaki mzima wa sahani yake mwenyewe, ambaye alikuwa hajamgusa, akamlaza juu ya wali. "Haya, funga." Mpaka leo sijui alikuwa ameelewa nini.

Nilipita mlangoni na kikapu, mama nyuma yangu. Mhudumu alitazama kikapu, akatazama mezani akahesabu sahani, zilikuwa tano. Akatupisha. Jani halikuwa mali ya meli.

Mama hakuwa na nguvu ya kwenda mbali. Tulishuka ngazi moja, tukatokea daraja la tatu, kati ya mikungu ya ndizi iliyopangwa mpaka juu ya kichwa. Wanawake wa biashara ya ndizi walikuwa wamekaa juu ya mikungu yao na mashuka. Mmoja akatutazama na kikaratasi chetu cha meza, ambacho nilikuwa bado nimekishika.

"Jamani, daraja la pili limeshuka."

"Limefukuzwa," mwenzake akasema. "Limevunja glasi."

"Mwacheni mama akae, hamuoni amechoka? Mama, njoo hapa, mkungu huu umeiva, hauchomi."

Wakasogeza mikungu, ikapatikana nafasi kama ya mkeka. Mama akakaa, akanitaka nifungue jani. Halafu akafanya lililonitia wazimu. Aliwatazama wale wanawake, ambao hakuwajua hata mmoja, akasema, "Karibuni tule."

Nao wakakaribia. Mikono mitano ilishuka kwenye wali ule. Nilitaka kulia. Nilimnong'oneza kwa Kinyambo kwamba ni chakula chake, mganga amesema, mimi nimekitoa huko kwa vita. Akanijibu huku anatafuna, "Sijawahi kula watu wakinitazama, sianzi na ugonjwa."

Lakini wale nao wakafungua vifurushi. Zikatoka ndizi za kuchoma, ikatoka chupa ya maziwa. Walimpa mama maziwa yote walipoona leso ya vidonge. Alikula, akashiba, rangi ikarudi usoni, akameza vidonge viwili. Nikahesabu mwenyewe vinaingia. Hapo ndipo nami nikakaa.

Nilidhani mama atanisifu. Alinifuta mchuzi mkononi kwa ncha ya khanga, akasema:

"Umemwacha mkwe wangu mezani na watu asiowajua."

"Mama, ametafuna mbele yako."

"Sikuona."

"Ulisikia."

"Sikuona," akasema tena. Akachukua ndizi ya kuchoma, ile kubwa, akaifuta majivu. "Mpelekee. Samaki wa kule hashibishi mwanamume. Usiseme imetoka kwangu."

Nilikataa. Ndiyo mara ya kwanza nilimkatalia mama. Akanyoosha mkono na ndizi ikabaki hewani mpaka nikaichukua.

Nilimkuta shemeji peke yake pale meza namba nne. Wageni wake walishaondoka, mhudumu alikuwa anakunja kitambaa upande mmoja. Sahani yake ilikuwa nusu. Hakuwa amekula zaidi ya pale nilipomwacha. Nikamwekea ndizi mbele. Akaigeuza, akainusa, akala yote. Mwisho akauliza, "Umenunua wapi?"

"Chini."

"Nzuri."

Mwanza mama alilazwa wiki tatu, akapona kiasi cha mtu wa vidonda kupona. Dada alijifungua mvulana. Mtoto huyo sasa anakimbia, na ukimpa kikombe kilichojaa hakimwagi. Shemeji humwonesha watu katika hadithi yake: "Angalieni mikono ya huyu. Si mnaona ile mila ilikuwa bure?" Mama, kule jikoni, akiulizwa na wanawake, anasema mikono imetulia kwa sababu yeye hakula. Mimi nakasirika kila safari, kwa sababu mmoja anacheka mbele ya watu na mwingine anasemea jikoni, na watu hurudi nyumbani na kicheko.

Katika hadithi yake jani halimo. Vidonge havimo. Ndizi ya kuchoma haimo, na hiyo simlaumu, kwa kuwa hajui aliyempelekea. Akisoma hapa atajua. Shemeji, kilichokushibisha usiku ule ni mkono wa huyo mshamba wako. Ukisimulia tena, simulia na hilo, au uache kusimulia.

Nanyi mlionisoma mpaka hapa, sijui kama nimekosea kuyatoa ya nyumbani. Naomba mniandikie. Mniambie kwenu mama mkwe hulishwa wapi akisafiri na mkwewe, na nani huwa anainuka. Na wewe mama wa vitenge, kama uko hai na gazeti au kitabu hiki kimekufikia, niambie ulielewa nini uliposema ngoja, usifunge. Mwandiko wako ukiwa mbaya usijali, wangu umeuona.